Miguu ya Kuazima

Bi Mwantumu alipenda kutembea mbali, na kwa kuwa miguu haikuwa yake, hakuona sababu ya kuihurumia.

"Leo tuvuke reli, tuizunguke Ngamiani yote," alisema. Sauti yake ilitoka kwenye kipaza kidogo kilichoshonwa katika ukosi wa fulana ya Hiza. "Tena usinikimbize kama jana."

"Jana mvua ilinyesha, Bibi."

"Si niliisikia mgongoni! Unajua tangu lini sijanyeshewa mimi? Unaniletea mvua mwenyewe, halafu unakimbilia kwenye baraza za watu."

Hiza akacheka, akaurudishia mlango wa uani taratibu, akashika njia.

Mwili wa Bi Mwantumu ulibaki nyumbani kwake Chumbageni, chumba cha mbele, umelala chali juu ya godoro la hewa, kichwa kimefungwa kitambaa cha nyuzi nyembamba kuliko unywele. Nyuzi kama hizo zilikuwa zimetandaa ndani ya fulana ya Hiza, ndani ya glavu zake nyepesi, ndani ya soli za viatu vyake na kwenye fremu ya miwani yake. Alichokanyaga Hiza, Bi Mwantumu alikikanyaga. Jua lililompiga Hiza shingoni lilimpiga na yeye pale kitandani, akageuza uso kulikwepa. Watu wa Tanga waliwaita vijana wa kazi hii "miguu". Wenyewe walipendelea kuitwa watembezi, wakaunda na chama, lakini jina la mtaani likishakuganda hakuna chama kitakacholibandua.

Mji ndio kwanza ulikuwa unaamka. Jua la mchana siku hizi halina urafiki na mtu, kwa hiyo Tanga hulala kuanzia saa tano na kuamka baada ya sala ya alasiri, wakati turubai za umeme zilizotandazwa juu ya mitaa zinapoanza kujikunja zenyewe, moja baada ya nyingine, na upepo kupata pa kupita. Ndio wakati mzuri wa kutembea. Milango inafunguliwa, maji yanamwagwa vizingitini, na kila mtu ana salamu yake iliyolala tangu asubuhi.

Siku nyingine yoyote Hiza angefurahi. Leo alikuwa na jambo moyoni, na jambo lenyewe alikuwa amepewa na Riziki, bintiye Bi Mwantumu, robo saa kabla ya nyuzi kuunganishwa.

"Kaka Hiza," Riziki alikuwa amemwambia jikoni, kwa sauti ya chini, "mama anataka kwenda Makorora kwa Bi Chausiku."

"Si vizuri hivyo?"

"Bi Chausiku amekufa."

Alikuwa amekufa kabla ya Ramadhani, wakati Bi Mwantumu yuko hospitali, moyo umemlegea. Daktari aliwaonya wasimshtue. Wakaamua kumficha. Riziki hata mazikoni hakwenda, kwa sababu alijua akirudi na macho mekundu mama yake atamuuliza, na yeye kumdanganya mama yake usoni hawezi. Wala hakumwambia mtu kwamba mama anaumwa, asije akatokea mgeni wa kuja kumjulia hali akaipasua siri. Akasema atamweleza akipata nafuu. Nafuu ikaja, neno likamkwama, na sasa lilikuwa limekaa sana hata halitoki.

"Mzungushe," alisema Riziki. "Mchoshe mpaka alale. Na ikishindikana, kaka yangu, si pazia lipo?"

*

Ngamiani imepangwa kwa barabara za namba, na Bi Mwantumu alizipitia kama mtu anayekagua mboga sokoni. Hapa alitaka kusimama kusikiliza cherehani. Pale alitaka Hiza aushike ukuta, ausikie joto la mchana lililobaki ndani ya simenti. Mbele ya nyumba moja walisimama muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu, kwa sababu mtu alikuwa anakaanga bajia.

"Vuta pumzi," aliamrisha.

"Nimevuta, Bibi."

"Vuta ya pili. Hiyo ya kwanza ilikuwa yako."

Kwenye baraza ya Mdoe muuza kahawa wazee walikuwa wameshapanga dhumna. Mdoe akamwona Hiza na ile fulana yake ya kijivu, akainua birika.

"Miguu hiyo! Leo umembeba nani?"

"Umenisahau, Mdoe?" ukauliza ukosi.

"Bi Mwantumu! Shikamoo mama!"

"Marahaba. Kahawa yako bado chungu?"

"Njoo uonje mwenyewe."

"Nije na ulimi gani? Hawa mafundi wamenipa macho, wamenipa pua, wamenipa ngozi. Ulimi wakausahau. Ndiyo ujue hawajawahi kula Tanga."

Baraza nzima ikaangua kicheko. Hiza akapewa kikombe, akanywa, akatakiwa atoe maelezo.

"Chungu. Na tangawizi imezidi."

"Imezidi au imekolea?"

"Imekolea."

"Basi sema imekolea, usimharibie mwenzio biashara."

Ilikuwa raha, na Hiza aliisikia raha ile pamoja na ubaya wake. Alikuwa anamtembeza mwanamke wa watu kama mtoto anayepitishwa njia ya mbali ili asione sindano.

Wakaingia barabara inayofuata. Pale palipokuwa na nyumba ya kina Mbaruku, yenye madirisha ya kijani, sasa palikuwa na vyuma vya kuchajia baiskeli, safu kwa safu. Bangili mkononi mwa Hiza ikatetemeka, na kwenye kona ya miwani yakatokea maneno mawili: *Nishushe pazia?*

Kila mtembezi analijua pazia. Mtu akishaazima miguu kwa miezi kadhaa, mashine inakuwa imejifunza anachokikumbuka: mitaa yake, milango yake, sauti za watu wake. Ikikutana na kitu kitakachomuumiza, inaweza kukifunika kwa kile alichokizoea. Nyumba iliyobomolewa ikasimama. Aliyekonda akanenepa. Zamani pazia lilijishusha lenyewe bila kuuliza. Wakatokea wazee waliotembea miaka mizima katika miji isiyokuwepo, wakiamkiana na marehemu, huku watoto wao wakiamua kila kitu kwa niaba yao. Kelele zikapigwa, sheria ikatungwa. Mashine isimdanganye mtu mpaka mtu mwingine, aliye pale pale na anayeona kwa macho yake, aseme ndiyo. Kubonyeza bangili ni ndiyo. Kuiacha ni hapana.

Hiza akabonyeza. Alibonyeza bila kufikiri, kama unavyomfukuza nzi.

"Kumbe nyumba ya kina Mbaruku bado imesimama," alisema Bi Mwantumu kwa furaha. "Wale watu walijenga, jamani."

"Walijenga, Bibi," alisema Hiza, na akajipenyeza kati ya baiskeli mbili ambazo yeye peke yake aliziona. Alijisikia vibaya mpaka mwisho wa barabara.

*

"Kata kulia," alisema Bi Mwantumu.

"Kulia kuna jua bado. Kwa nini tusiteremke bustanini tukaitazame bahari?"

"Bahari nimeitazama tangu utoto, haijawahi kunipa habari mpya. Kata kulia. Nipeleke Makorora kwa Chausiku."

Kwenye sikio la kushoto Hiza alivaa kisikizi cha familia, ambacho Bi Mwantumu hakuweza kukisikia. Kilikoroma. "Mgeuze, kaka," alinong'ona Riziki. "Mwambie umechoka."

"Bibi, mimi leo nimechoka."

"Muongo. Hii miguu naisikia mimi. Imechangamka kuliko jana."

Hiza akakata kulia. Ungefanya nini? Ukimwazima mtu miguu yako, uongo wa miguu huna tena.

Walipokuwa wanakwenda Bi Mwantumu alisimulia, na alisimulia kwa sauti ya kawaida tu, akikatiza kuwaitikia watu salamu njiani. Yeye na Chausiku walikuwa wapishi wa harusi. Tanga hii hii, ukitaka pilau la watu mia tano unawaita wale wawili, mmoja nyama, mmoja mchele. Harusi moja mchele ulimshinda Chausiku, ukatoka maji maji. Hutokea. Bi Mwantumu akasimama katikati ya wanawake wenzake, sahani mkononi, akasema, "Leo Chausiku katupikia bokoboko." Pilau la harusi kuitwa uji wa ngano! Watu walicheka mpaka wakashikana mabega.

"Mimi nilifanya utani. Yeye hakucheka. Tokea siku ile kila akiitwa kupika lazima atokee mtu wa kuuliza: mama, pilau au bokoboko? Mwishowe akaacha kupika." Akaitikia salamu ya mpita njia. "Nikasema, akinuna shauri yake. Nikangoja aje. Na yeye akangoja niende. Tumengojana hivyo hivyo mpaka miguu yangu ikagoma."

"Na leo unataka kumwambia nini?"

"Nataka anipe radhi, mwanangu. Nisiende kaburini na kicheko kile."

Jasho lilikuwa linamtoka Hiza kwenye viganja, na alijua Bi Mwantumu analisikia.

*

Nyumba ya Bi Chausiku ilikuwa na baraza ya simenti nyekundu iliyosuguliwa ikang'aa. Uani palining'inia kanga mbili kwenye kamba. Ndani kulisikika sufuria ikikwanguliwa, kwa hiyo mtu alikuwepo.

"Piga hodi," alisema Bi Mwantumu. Sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ya msichana anayekwenda kuomba.

"Hodi!"

Sufuria iliendelea kukwanguliwa. Bangili ikatetemeka, na safari hii maneno kwenye kioo yalikuwa marefu:

*Nishushe pazia? Bi Chausiku atafungua mlango. Sauti yake ipo. Radhi itatolewa.*

"Bonyeza," alisema Riziki sikioni, na alikuwa analia. "Nakuomba kwa jina la Mungu, kaka Hiza. Atafurahi. Atalala usiku. Kuna ubaya gani mtu kulala?"

"Piga ya pili," alisema mama yake.

"Hodi!"

Hiza alikitazama kidole chake cha gumba juu ya bangili. Aliwaza kwamba Riziki si mtu mbaya. Aliwaza kwamba angekuwa mama yake yeye, pengine angekwisha bonyeza. Lakini Chausiku atakayefungua mlango ameshonwa kwa kumbukumbu za Mwantumu mwenyewe, hana kingine ndani yake. Radhi atakayoitoa itakuwa ni Mwantumu amejisamehe kwa mdomo wa mwenzake, bila kujua. Na yule anayekwangua sufuria mle ndani, mwenye msiba wake, atafungua na kusema maneno yake, na pazia litayakwapua kabla hayajafika.

Ilikuwepo njia nyingine, nayo ilimtamanisha zaidi. Hodi ni tatu. Isipoitikiwa ya tatu, mtu anaondoka zake, hana lawama. Angeweza kuipiga ya tatu kwa sauti ndogo wakarudi Chumbageni, bila uongo na bila kifo. Ila Bi Mwantumu angekufa akiamini kwamba Chausiku alikuwa ndani, aliisikia sauti yake, akakataa kufungua.

Hapo Hiza akaogopa kweli kweli. Akashuka barazani, akasimama kwenye mchanga.

"Bibi, kabla ya ya tatu nina neno."

"Hiza, usithubutu," alisema Riziki.

"Bi Chausiku hayupo. Amefariki."

Bangili, ambayo pia ilipima moyo wa Bi Mwantumu, ilibadilika rangi, kutoka kijani kwenda njano, na ikakaa hapo. Sikioni Hiza alisikia kiti kikiburutwa, halafu hatua za haraka, akajua Riziki amekwenda kumshika mama yake. Mwanamume mmoja alipita na baiskeli, akatoa salamu, Hiza akaitikia.

"Lini?" aliuliza Bi Mwantumu.

"Kabla ya Ramadhani. Ulikuwa hospitali."

"Hospitali nilikwenda na masikio yangu."

"Waliogopa moyo wako, Bibi."

"Kwa hiyo sikumzika."

"Hukumzika."

"Riziki alikwenda?"

"Hakwenda. Alijua ungemwona machoni."

Bi Mwantumu alivuta pumzi, na pumzi ile ilisikika kwenye kipaza ikitetemeka. "Basi na watu wa nyumba hii hawajui kama sikuambiwa," alisema taratibu. "Wanadhani nililetewa habari ya msiba nikakaa kwangu. Piga hodi ya tatu."

"Bibi, mwenyewe ha..."

"Nimekusikia. Piga hodi, baba. Msiba una wenyewe."

Hiza akapanda tena barazani.

"Hodi!"

"Nani?" Mlango ukafunguliwa na mwanamke wa makamo, mikono inachuruzika maji, kanga kiunoni. Aliitazama fulana ya kijivu kutoka juu mpaka chini. Huyu alikuwa Mboni, binti wa marehemu.

"Mimi hapa, Mboni," ulisema ukosi. "Mama Riziki."

Uso wa Mboni ukakaza. Bangili ikatetemeka tena, mashine ikauliza tena, maana uso ule nao ulikuwa unaumiza. Hiza akaivua bangili, akaitia mfukoni.

"Mama Riziki," alisema Mboni. "Leo ndiyo umeiona njia? Tulikungoja. Jeneza lilikaa hapo ulipomsimamisha huyo kijana. Mjomba akasema, jamani tumsubiri Mama Riziki, hawa wamepika pamoja maisha yao yote. Tukasubiri mpaka watu wakaanza kutazamana. Hukuja. Salamu hukuleta. Hata mtoto hukumtuma."

Hiza alifungua mdomo. Neno lilikuwa jepesi: alikuwa mgonjwa, alifichwa, si kosa lake. Neno moja tu na kila kitu kingekaa sawa, isipokuwa kwa mtu mmoja aliyekuwa Chumbageni ameshika mkono wa mama yake na kusikiliza.

"Kaa kimya, Hiza," alisema Bi Mwantumu kabla hajaanza. Kisha akasema, "Ni kweli, Mboni. Sikuja, na mtoto sikumtuma. Riziki usimweke moyoni, hana lake hapa. Kosa ni langu."

Kwenye kisikizi Riziki alitoa sauti ambayo Hiza hakuwahi kuisikia kwa mtu mzima. Alitamani akivue na hicho, lakini hakukivua.

Mboni alingoja. Alikuwa anangoja sababu, kila mtu huja na sababu. Alipoona haiji, mabega yake yalishuka.

"Ulikuja kutaka radhi ya mama," alisema.

"Ndiyo."

"Sikudanganyi, Mama Riziki. Hakuniachia. Alikufa amenuna."

"Najua," alisema Bi Mwantumu, na sauti ikamkatika kati ya kucheka na kulia. "Angekufa amecheka nisingeamini kama ni yeye."

Mboni naye alicheka kidogo bila kutaka, akajifuta pua kwa mgongo wa mkono.

"Ya mama sina," alisema. "Ila ya kwangu mimi, ya siku ya mazishi, hiyo ni yangu. Hiyo nakupa."

Akaushika upindo wa kanga yake, akafunika nao kiganja kama mwanamke anavyofanya anapompa mkono mwanamume asiye wake, akautoa mkono. Hiza akaupokea. Ulikuwa mkono mpana, mgumu, wenye baridi ya maji ya kuoshea vyombo, na chini ya baridi hiyo joto lake lilipenya kanga, likapenya glavu, likaenda.

"Ana mikono ya mama yake," alisema Bi Mwantumu. "Ee Chausiku. Mikono yake hii hii." Akaanza kulia kwa sauti, kilio cha msibani hasa, kile kilichopasa kutolewa miezi mingi nyuma mbele ya jeneza. Majirani wakatoka kwenye milango yao kutazama. Mboni hakuuachia mkono. Aliinamisha kichwa akalia na yeye, na Hiza akabaki amesimama kizingitini, mkono ameunyoosha, akawaacha wazike.